RAM ya Kompyuta ya Zamani: Uongeze Kipande, Ubadilishe Jozi Nzima, au Ununue SSD Kwanza?

Kompyuta nyingi za nyumbani zenye umri wa miaka kumi na zaidi hazijafa, zimezidiwa tu. Kurasa za intaneti zimenenepa na programu zimeongezeka uzito, lakini RAM iliyomo ndani, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika kazi zilizo wazi, ni ileile 4GB iliyotoka nayo kiwandani. Mwenye mashine kama hiyo ana njia tatu za maana: kuchomeka kipande kimoja cha RAM pembeni ya kilichopo, kutoa vilivyomo na kuweka jozi mpya, au kuiacha RAM ilivyo na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Kila moja hutibu ugonjwa wake, na pesa nyingi hupotea kwa kununua dawa kabla ya kupima.

Pima kwanza

Washa kompyuta ufungue kila kitu unachofungua siku ya kawaida: kivinjari na vichupo vyake vyote, programu ya kuandikia, muziki. Usifunge chochote ili kipimo kipendeze. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha katika Task Manager ingia sehemu ya Performance. Tazama CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk kwa dakika tano hivi huku ukiendelea na kazi.

Ikiwa Memory imekaa juu ya asilimia 85 na Disk nayo imepanda karibu na 100 kila unapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, mashine ina njaa ya RAM. Imekosa pa kuweka data, kwa hiyo inaihamishia kwenye diski na kuirudisha, tena na tena. Ikiwa Memory iko nusu tu lakini Disk imeganda kwenye 100, mkosaji ni diski, na hata ukiweka RAM mara nne ya iliyopo mashine itabaki inajikokota. Ikiwa ni CPU inayogonga 100 muda wote, hakuna kipande cha RAM wala SSD kitakachokusaidia. Prosesa ndiyo imefika mwisho wake.

Ukiwa hapohapo kwenye Memory, soma mstari wa "Slots used". Ukiandikwa 1 of 2, una sloti moja wazi, yaani tundu la kuchomekea RAM. Ukiandikwa 2 of 2, njia ya kuongeza imefungwa na lazima kitu kitoke. Kwenye Linux, amri ya `free -h` inaonyesha kiasi kilichobaki pamoja na kiasi kilichohamishiwa kwenye swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM iliyojaa), na `sudo dmidecode -t memory` inaorodhesha sloti moja moja na kilichomo. Amri hiyo ya pili hutaja pia kiwango cha juu ambacho mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inakubali. Namba hiyo hutoka kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, na mara nyingine si sahihi, kwa hiyo ilinganishe na kitabu cha mtengenezaji kabla ya kununua.

Jambo jingine la kuhakikisha kabla ya yote: je, mfumo wako ni wa biti 32 au 64? Windows ya biti 32 kwenye kompyuta ya nyumbani haitumii zaidi ya 4GB, na ukiondoa anwani zilizotengwa kwa ajili ya vifaa vingine, inabaki na 3 hadi 3.5GB hivi. Ukiweka 8GB humo, zaidi ya nusu italala bure. Kuhamia biti 64 kunadai kusakinisha mfumo upya kuanzia mwanzo, hakuna njia ya kupandisha juu kwa juu, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza.

Aina haziingiliani

DDR na namba inayoifuata hutaja kizazi cha RAM.

| Aina | Pini, ya mezani | Pini, ya laptopu | Volti |
|---|---|---|---|
| DDR2 | 240 | 200 | 1.8 |
| DDR3 | 240 | 204 | 1.5 |
| DDR3L | 240 | 204 | 1.35 |
| DDR4 | 288 | 260 | 1.2 |

DDR2 na DDR3 za kompyuta ya mezani zina idadi moja ya pini, lakini kikato kilicho katikati ya meno kimekaa mahali tofauti. Kama kipande hakikai, usikisukume kwa nguvu. Kikato kimewekwa makusudi kikuzuie.

Tofauti ya DDR3 na DDR3L ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu kikato chake ni kilekile na kipande huingia bila shida yoyote. DDR3L kwa kawaida hukubali volti zote mbili, 1.35 na 1.5, kwa hiyo inafaa hata kwenye mashine ya zamani ya DDR3. Kinyume chake si kweli. Laptopu zenye prosesa za Intel Core za kizazi cha nne zinataka 1.35, na ukiziwekea DDR3 ya kawaida mara nyingi skrini hubaki nyeusi. Kizazi hukitambua kwa namba ya prosesa: i5-4200U ni ya nne, i5-2400 ni ya pili, na zile zenye tarakimu tatu tu kama i5-650 ni za kwanza. Ukiwa na shaka kati ya DDR3 na DDR3L, nunua DDR3L.

Kama mashine yako ni ya DDR2, ushauri wetu ni mfupi: usiinunulie RAM mpya. Mazabodi nyingi za aina hiyo huishia 4GB au 8GB, na prosesa zake zenyewe haziendani tena na intaneti ya leo. Ukipata kipande cha bure, kiweke.

Namna ya kusoma lebo

Chukua kipande chenye lebo iliyoandikwa `4GB 2Rx8 PC3L-12800S`. Maneno hayo machache yanakupa kila unachohitaji kujua.

4GB ni ukubwa. PC3 maana yake ni DDR3, na herufi L inaonyesha ni ya volti 1.35. Namba 12800 ni megabaiti kwa sekunde ambazo kipande kinaweza kupitisha, sawa na DDR3-1600; ukiona 10600 ujue ni DDR3-1333. Herufi S mwishoni ni ya laptopu. U ni ya kompyuta ya mezani. Ukikuta R au E, simama hapo: R ni RAM ya seva, na haifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani hata kama inaingia vizuri kwenye sloti; E ni yenye kusahihisha makosa, nayo mazabodi nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kwa ajili yake. RAM za seva zilizotumika huuzwa kwa bei ya kutupa, na sababu ni hiyo.

Iliyobaki ni `2Rx8`, ambayo wanunuzi wengi huipita kama mapambo. Inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa. Kipande cha 4GB cha 2Rx8 kina chipu 16, kila moja ya gigabiti 2. Kipande cha 4GB cha 1Rx8 kina chipu 8 tu, kila moja ya gigabiti 4. Kwa mashine za Core kizazi cha pili na kuendelea, vyote viwili ni sawa. Kwa zile za kizazi cha kwanza na za Core 2 zinazotumia DDR3, kama zenye chipseti (chipu kuu za mazabodi) ya G41, chipu za gigabiti 4 hazitambuliki: mashine inakataa kuwaka au inaonyesha nusu ya ukubwa. Kwa mashine hizo tafuta kipande chenye chipu 16, nane kila upande, na uzihesabu kwa macho yako kwenye picha ya bidhaa kabla ya kulipa.

Zipo pia RAM za mezani zinazouzwa rahisi zikiwa na maelezo kwamba ni za mashine za AMD pekee. Maelezo hayo si ya kutafuta wateja. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo mashine za Intel hazizisomi.

Kuongeza kipande kimoja, au kubadilisha jozi?

Kuongeza kunavutia kwa sababu unanunua kitu kimoja na kilichopo hakipotei. Ukiwa na 4GB na sloti moja wazi, 4GB nyingine hukufikisha 8GB, na vipande viwili vilivyo sawa hufanya kazi sambamba. Yaani prosesa husoma njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa DDR3-1600 uwezo wa juu unatoka 12.8GB kwa sekunde hadi 25.6GB. Katika kuandika na kusoma barua pepe hutauhisi sana. Kwenye mashine isiyo na kadi ya picha utauhisi kwenye video na michezo, kwa sababu picha nazo huishi humohumo ndani ya RAM.

Si lazima vipande viwe vya kampuni moja. Kinacholazimika ni aina moja na volti moja. Kasi zikitofautiana, vyote hushuka hadi kasi ya aliye nyuma: 1600 pembeni ya 1333 inakuwa 1333, na hasara hiyo kwa kazi za nyumbani ni ndogo mno kuogopwa. Ukubwa ukitofautiana, kwa mfano 2GB na 4GB kwenye mashine ya Intel, 2GB ya kila upande hufanya kazi sambamba na 2GB inayobaki hufanya kazi peke yake. Usimsikilize anayekuambia kuchanganya ni mwiko.

Udhaifu wa kuchanganya uko kwingine. Vipande viwili vyenye mpangilio tofauti wa muda vinaweza kuwaka vizuri, vikafanya kazi siku tatu, kisha mashine ikazima ghafla katikati ya kazi. Hitilafu ya namna hiyo inachosha kuliko mashine isiyowaka kabisa, maana haionyeshi kidole kwa mtu yeyote. Jozi iliyofungwa pamoja kiwandani imejaribiwa ikiwa pamoja, na unachokilipia zaidi ni utulivu huo.

Kwa hiyo: sloti moja wazi na kipande kilichopo ni cha 4GB au 8GB, ongeza kinachofanana nacho. Sloti zote zimejaa vipande vya 2GB, toa vyote uweke jozi. Kubadilisha kimoja tu ili kupata 6GB kunawezekana, lakini mara nyingi ndani ya mwaka utajikuta umerudi kununua tena.

Kuna swali dogo linalofuatana na hili. Ukitaka 8GB, ununue 4GB mbili au 8GB moja? Kama lengo lako ni 8GB basi, nunua mbili. Kama unapanga kufika 16GB baadaye, nunua 8GB moja sasa uache sloti wazi. Mashine za Intel za DDR3 hadi kizazi cha nne haziendi zaidi ya 8GB kwa sloti moja, hivyo laptopu yenye sloti mbili kikomo chake hakizidi 16GB.

Laptopu nyembamba zina jambo lake. Baadhi zina 4GB iliyochomelewa kwenye mazabodi pamoja na sloti moja, nyingine hazina sloti kabisa. MacBook Air zote ni za kuchomelewa, na MacBook Pro za skrini ya Retina, zilizoanza 2012, ni hivyohivyo. Fungua kifuniko uangalie kwa macho kabla ya kuagiza.

RAM, au SSD?

Huu ndio ulinganisho wenye uzito kuliko yote, na jibu hubadilika kulingana na kipimo cha mwanzo.

RAM hujibu ombi la data kwa takribani nanosekunde 100. SSD hujibu kwa takribani maikrosekunde 100, mara elfu moja polepole zaidi. Diski ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde 10 hivi, mara laki moja. Sasa fikiria mashine yenye 4GB iliyojaa, ikihamishia ziada kwenye diski ya kuzunguka. Kila unapogusa kichupo ulichokiacha nusu saa iliyopita, unangoja kichwa cha diski kitembee huku na huko kikikusanya vipande vya data kimoja kimoja. Ndiyo ile sauti ya kukwaruza unayoisikia huku kishale kikigeuka duara.

SSD huondoa ngoja hiyo karibu yote. Pia huharakisha mambo ambayo RAM haiyagusi kabisa: kuwaka kwa kompyuta, kufunguka kwa programu mara ya kwanza, masasisho. RAM nayo inafanya kisichowezwa na SSD: inaacha vitu vingi wazi kwa pamoja bila kuhamishwa kabisa.

Ikiwa una 4GB na diski ya kuzunguka, na pesa inatosha kimoja tu, nunua SSD. Tunalisema hilo bila kusita. Mashine ya 4GB yenye SSD inatumika. Mashine ya 16GB yenye diski ya kuzunguka bado itakuchosha kila asubuhi unapoiwasha. Ikiwa una 2GB, RAM inatangulia, kwa sababu chini ya 4GB mfumo wenyewe unakosa pa kukanyaga. Ikiwa tayari una SSD na Memory iko juu ya asilimia 85, jibu ni RAM, moja kwa moja.

SSD ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA huingia karibu kila mashine ya DDR3. Mashine za zamani zenye toleo la pili la SATA huishia karibu megabaiti 280 kwa sekunde badala ya 550, na hilo lisikuzuie. Faida kubwa iko kwenye muda wa kujibu, na muda huo haubadiliki sana.

8GB au 16GB?

Kwa kivinjari, nyaraka, video na masomo, 8GB inatosha. 16GB ina maana kwa anayehariri picha kubwa au video, anayeendesha mfumo mwingine ndani ya mfumo, au anayeishi na vichupo arobaini. RAM isiyotumika haiongezi kasi hata kidogo.

Usinunue RAM ukitumaini itakufikisha Windows 11. Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. RAM haivuki vizuizi hivyo. Linux yenye mazingira mepesi kama Xfce au LXQt ni njia nzuri kwa mashine za umri huu, na kwa 8GB itakwenda kwa raha.

Mpya au iliyotumika?

RAM haina sehemu inayozunguka wala inayosagika, hivyo kipande kilichotumika kilichopona miaka kumi kina nafasi nzuri ya kuendelea. Kwa DDR3, iliyotumika ni chaguo la busara, mradi tu muuzaji anakubali kurudishiwa. Kwa SSD tungesema kinyume: nunua mpya, maana chembe zake huchakaa kwa kuandikwa.

Kuiweka, na yanayokwenda kombo

Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa umeme, na kwa laptopu toa betri au itenganishe na mazabodi. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kushika RAM, na uishike kwa kingo bila kugusa meno ya dhahabu.

Kwenye laptopu, ingiza kipande kikiwa kimeinama kama nyuzi 30, sukuma hadi meno ya dhahabu yabaki kama uzi mwembamba tu, ndipo ukilaze hadi vibanio vya pembeni vilie *tik*. Kosa la kawaida ni kukilaza kabla hakijazama: vibanio vinashika, kinaonekana kimekaa, lakini pini za upande mmoja hazijagusa. Kwenye kompyuta ya mezani, fungua vibanio, linganisha kikato, kisha bonyeza ncha zote mbili kwa vidole gumba kwenda chini moja kwa moja. Nguvu inayohitajika huwashangaza wengi. Kama kuna sloti nne na vipande viwili, mara nyingi vinakaa kwenye ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Fuata kitabu cha mazabodi.

Mashine ikilia milio mfululizo, au feni ikizunguka bila skrini kuwaka, usikimbilie kusema RAM ni mbovu. Kitoe kipande na ukirudishe kwa uthabiti zaidi. Kisha jaribu kipande kipya peke yake, katika kila sloti. Meno yakiwa na utando mweusi, yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pangusa vumbi lake, malizia kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na usubiri ikauke. Bado kimya? Toa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache, umeme ukiwa umechomolewa, BIOS isahau mipangilio ya zamani.

Ikiwaka lakini inaonyesha pungufu, tazama "Hardware reserved" kwenye Task Manager. Megabaiti mia chache zilizochukuliwa na picha ni kawaida. Gigabaiti nzima au zaidi inaashiria kipande ambacho hakijakaa, mfumo wa biti 32, au kikomo cha mazabodi.

Hatimaye jaribu RAM yenyewe. Andaa flashi yenye MemTest86+, programu ya kupima RAM, washa kompyuta kupitia hiyo, uiache imalize angalau mzunguko mmoja kamili. Kwa 8GB huweza kuchukua saa moja au zaidi, kwa hiyo iachie usiku. Mstari mmoja tu mwekundu unatosha kukikataa kipande. Ukitokea, jaribu kila kipande peke yake katika sloti ileile. Kosa likimfuata mmoja, mrudishe huyo kwa muuzaji. Likitokea kwa wote katika sloti hiyo lakini si katika nyingine, sloti ndiyo mbovu, na RAM uliyonunua haina kosa.